Njia ya Anga kati ya Kinshasa na Bruxelles: Ushindani na Faida, 1935–2001

Utangulizi

Wanahistoria wa Kongo wameandika mengi juu ya reli, mto na migodi. Njia za anga hazikupewa nafasi kubwa, ingawa kwa muda wa miaka sitini na zaidi njia moja, ile iunganishayo Kinshasa na Bruxelles, ilibeba maofisa, wafanyabiashara, wanafunzi, wagonjwa, barua na mizigo ya thamani, na ilileta fedha nyingi kwa aliyejua kuiendesha. Makala haya yanakusudia kujibu swali moja. Baada ya uhuru, mashirika mawili yalifanya kazi juu ya njia hiyo: Sabena ya Ubelgiji na Air Congo, iliyoitwa Air Zaïre tangu 1971. Kwa kanuni za mikataba, kila nchi ilikuwa na haki sawa na mwenzake. Abiria walikuwa wale wale, umbali ule ule wa kilomita zaidi ya 6,000, na kwa muda fulani hata ndege zilikuwa za aina moja. Kwa nini basi njia hiyo ilikuwa tegemeo la shirika moja, na kwa lingine ikawa mzigo?

Jibu lililozoeleka ni la aina mbili. Wengine husema kwamba mkoloni hakukubali kushindwa. Wengine husema kwamba uongozi wetu ulikuwa mbaya, basi. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayaelezi jinsi hasara ilivyopatikana siku kwa siku. Sisi tunaona kwamba faida ya njia ya anga haitengenezwi angani. Hutengenezwa ardhini, katika ncha mbili za njia: mahali tikiti inapouzwa na kwa fedha gani, mahali ndege inapotengenezwa, na mahali abiria anapotoka au anapoelekea baada ya kushuka.

1. Njia ya koloni (1920–1960)

Usafiri wa anga ulianza mapema nchini Kongo. Tarehe 1 Julai 1920 ilifunguliwa njia iliyopewa jina la Mfalme Albert, ambayo ndege zake zilitua juu ya maji ya mto Kongo. Njia hiyo iliendelezwa hadi Stanleyville, Kisangani ya leo, ikafungwa 1922. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Mei 1923, Sabena iliundwa huko Ubelgiji. Tarehe 12 Februari 1925 rubani Edmond Thieffry aliondoka Bruxelles pamoja na wenzake wawili. Walifika Léopoldville tarehe 3 Aprili, baada ya siku 51. Safari hiyo haikuwa ya biashara, bali ilionyesha kwamba jambo lawezekana. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 Sabena ilianzisha njia za ndani ya koloni, ikiwemo ile ya kuelekea Elisabethville, kwa kuwa shaba ya Katanga ilihitaji wahandisi na barua zifike upesi kuliko meli na reli zilivyoweza.

Njia ya kudumu kati ya Bruxelles na Léopoldville ilifunguliwa tarehe 23 Februari 1935. Safari ya kwanza ilichukua siku tano na nusu, ilhali meli kutoka Anvers hadi Matadi ilihitaji zaidi ya wiki mbili. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja ndege za injini nne, na siku zikapungua zikawa saa.

Msomaji aangalie vema hali ya biashara katika kipindi hicho. Sabena ilikuwa peke yake, au karibu peke yake. Ilipata ruzuku za serikali. Abiria wake wengi walikuwa watumishi wa serikali na wa makampuni makubwa, ambao tikiti zao zililipwa na waajiri wao. Watu wa namna hiyo hawajadiliani juu ya nauli. Zaidi ya hayo, faranka ya Kongo na faranka ya Ubelgiji zilikuwa na thamani sawa kwa muda mrefu wa ukoloni, na benki ziliwajibika kwa wakuu walewale. Tikiti iliyouzwa Elisabethville ilikuwa na thamani ile ile ikifika Bruxelles. Karakana, makao ya marubani na mahesabu vilikuwa chini ya mkono mmoja. Huo ulikuwa ukiritimba kamili, na faida yake haikuwa ushahidi wa ustadi wa biashara. Ilikuwa tunda la utawala.

2. Uhuru na shirika jipya (1961–1973)

Mwezi Julai 1960, wiki chache baada ya uhuru, ndege za Sabena ziliwahamisha Wazungu zaidi ya 20,000 kutoka Kongo. Wengi walidhani kwamba njia hiyo imekufa. Haikufa. Mwaka 1961 iliundwa Air Congo. Serikali ya Kongo ilikuwa na sehemu kubwa ya hisa, na Sabena ikabaki mwenye hisa na mwenye ufundi. Marubani, mafundi na ndege za kwanza vilitoka kwake. Hivyo mshindani mpya alizaliwa nyumbani kwa yule atakayeshindana naye, akijifunza kazi kwake na kumlipa kwa mafunzo hayo.

Tusiharakishe kuhukumu. Nchi nyingi za Afrika zilianza hivyo hivyo. Mwaka 1961 mataifa kumi na moja yaliyotawaliwa na Ufaransa yaliungana kuunda Air Afrique pamoja na mashirika ya Kifaransa. Ethiopia, iliyoanzisha shirika lake mwishoni mwa 1945, ilitumia Wamarekani wa TWA. Kutegemea wageni mwanzoni hakukuwa kosa. Kilichotofautisha nchi moja na nyingine ni kile kilichojengwa nyumbani wakati msaada huo ungali upo.

Nchini Kongo, hadi mwisho wa miaka ya 1960 shirika lilikwisha kuwa mikononi mwa serikali. Bei ya shaba ilikuwa nzuri. Zaire, fedha mpya iliyotolewa 1967, ilianza na thamani ya dola 2 za Marekani. Kwa matumaini hayo Air Zaïre ilipokea 1973 ndege kubwa za DC-10 na ndege za Boeing 737. Mtu aliyesimama Ndjili mwaka ule na kuona chui wa kampuni juu ya mkia wa DC-10 hakuwa na sababu ya kudhani kwamba Sabena ina chombo bora zaidi. Sabena nayo ilinunua DC-10 wakati huo huo. Kwa upande wa ndege, usawa ulikuwa umepatikana.

3. Nusu kwa nusu

Ili kufahamu yaliyofuata, yafaa tueleze kwa ufupi sheria ya biashara hii. Mkataba wa Chicago wa 1944 ulithibitisha kwamba kila taifa lina mamlaka kamili juu ya anga yake. Kwa hiyo njia kati ya nchi mbili hufunguliwa kwa makubaliano ya serikali mbili, ambazo hupanga ni mashirika gani yataruka, na mara ngapi kwa wiki. Nauli, kwa muda mrefu, zilipangwa kwa mapatano ya mashirika yenyewe ndani ya chama chao, IATA, kilichoundwa 1945. Katika mpango wa namna hii ushindani wa bei ni mdogo sana. Kila upande hupewa nusu yake, na mara nyingi mapato hugawanywa kwa mapatano.

Lakini haki ya kuruka si abiria. Tuchukue mfano wa kubuni, kwa ajili ya hesabu tu. Ndege mbili zenye viti 250 zaondoka Kinshasa wiki moja, moja ya kila shirika. Gharama ya safari, yaani mafuta, mishahara, bima, deni la ndege na ada za viwanja, haipungui ndege ikiwa nusu tupu. Tuseme gharama hiyo hulipwa na abiria 160. Shirika lenye abiria 150 hupata hasara kila safari. Lenye 180 hupata faida kila safari. Tofauti ni watu thelathini. Yote yanategemea watu hao thelathini: wanatoka wapi?

Hapo ndipo usawa wa karatasi ulipovunjika. Mji wa Bruxelles haukuwa kwa abiria wengi mwisho wa safari. Mfanyabiashara wa London, mhandisi wa Milano, padri wa Köln, wote waliweza kupanda ndege ndogo ya Sabena asubuhi, wakabadilisha Bruxelles, na kulala Kinshasa usiku kwa tikiti moja. Air Zaïre haikuwa na mtandao huo Ulaya. Ilisubiri Bruxelles abiria waliobaki. Kwa upande wake ilikuwa na hazina nyingine: mtandao wa ndani wa nchi iliyo kubwa kama Ulaya ya Magharibi. Abiria wa Lubumbashi, Mbuji-Mayi, Kisangani, Goma na Bukavu wangeweza kuijaza DC-10 kila wiki, na Sabena isingeweza kuwafuata huko. Sharti lilikuwa moja: ndege ya ndani ifike Kinshasa kabla ya ndege ya Ulaya kuondoka. Sharti hilo halikutimizwa. Vipuri vilipokosekana, ndege za ndani ndizo zilizolala kwanza, na abiria wa Lubumbashi aliyekuwa na shughuli isiyongoja akajifunza kununua tikiti kwa shirika jingine. Katika miaka ya 1980 hata soko la ndani lilipata mshindani, Scibe Airlift, kampuni ya mfanyabiashara Bemba Saolona.

4. Fedha mbili (1974–1995)

Jambo la pili, tena kubwa zaidi, ni fedha. Shirika lolote la safari za nje hulipa karibu kila kitu kwa dola: mkopo wa ndege, injini, bima, mafuta ya nje, ada za viwanja vya Ulaya. Air Zaïre iliuza sehemu kubwa ya tikiti zake nyumbani, kwa zaire. Mradi zaire ilikuwa imara, hilo halikuleta taabu. Lakini mwishoni mwa 1973 bei ya mafuta ilipanda mno, na 1974 bei ya shaba ikaanza kuanguka. Ndege zilizoagizwa katika neema zilipaswa kulipiwa katika dhiki. Mwaka 1976 zaire ilishushwa thamani. Septemba 1983 ikashushwa tena, ikapoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake kwa siku moja. Mwaka 1993 ilitolewa zaire mpya, na kila moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani 3,000,000.

Tufikirie maana yake kwa mhasibu wa shirika. Tikiti huuzwa leo, na abiria huruka baada ya mwezi. Fedha huwekwa benki, kisha huombewa ruhusa ya kugeuzwa kuwa dola, na ruhusa hungoja miezi. Kufikia siku ya kumlipa muuzaji wa injini, fedha ile yaweza isitoshe hata kununua magurudumu. Ndege ilijaa, abiria walilipa, na bado shirika lilipata hasara. Hapa hakuna mshindani aliyekuja kuiba chochote.

Sabena nayo iliuza tikiti Kinshasa kwa zaire, na mauzo hayo yalikuwa na shida ile ile. Lakini iliweza kuchagua. Sehemu kubwa ya mapato yake ilipatikana upande wa Ulaya, kwa fedha imara, na fedha iliyokwama Kinshasa ilikuwa kipande tu cha mfuko wake. Kwa Air Zaïre ilikuwa mfuko wenyewe.

Juu ya hayo uliongezeka uzito wa dola yenyewe, yaani serikali, kwa maana ile ya kale ya neno. Wakubwa walisafiri bila kulipa, au kwa hati za deni ambazo wizara hazikulipa. Ndege ziliweza kuondolewa katika ratiba kwa safari za Rais Mobutu na za jamaa zake. Abiria anayelipa kwa fedha ngumu anaweza kusamehe chakula kibaya au kiti kilichochakaa. Hasamehi ndege isiyoonekana. Tena abiria huyo, anayelipia kiti cha mbele, ndiye abebaye faida ya safari nzima. Wale wa nyuma husaidia kulipa gharama. Kila safari iliyofutwa ilimpeleka yeye kwanza kwa Sabena, kwa Swissair, au ng'ambo ya mto, Brazzaville, ambako ndege za Air Afrique na za UTA ya Ufaransa zilimngoja.

Siasa ilijaribu kurekebisha kwa amri kile ambacho biashara ilikuwa imekiharibu. Katika magomvi ya Ubelgiji na Zaire kati ya 1988 na 1990, kwanza juu ya madeni, kisha juu ya mauaji ya wanafunzi wa Lubumbashi ya Mei 1990, idadi ya safari za Sabena ilitumiwa kama fimbo. Fimbo hiyo ilimuumiza Mbelgiji, ni kweli, lakini kila kiti kilichoondolewa kwa Sabena hakikwenda kwa Air Zaïre, kwa kuwa Air Zaïre haikuwa tena na ndege za kukijaza. Mwaka 1995 shirika lilifilisika. Wafanyakazi wake, wakiwemo marubani na mafundi waliofunzwa kwa gharama kubwa ya taifa, walitawanyika.

5. Aliyeshinda alishinda nini?

Ingekuwa rahisi kufunga hadithi hapa kwa kumsifu mshindi. Lakini historia hairuhusu. Sabena, iliyotegemea njia za Afrika kama nguzo, haikupata faida katika miaka mingi ya maisha yake. Faida ya Kinshasa ilimezwa na hasara za njia za Ulaya na za Atlantiki, ambako washindani walikuwa wengi na nauli ndogo. Mwaka 1995 Swissair ilinunua asilimia 49.5 ya hisa zake. Tarehe 7 Novemba 2001 Sabena nayo ilitangazwa kufilisika, miaka sita tu baada ya Air Zaïre.

Funzo lake ni kwamba njia yenye faida haitoshi kuokoa kampuni isiyo na faida, na kwamba soko lenye washindani wachache laweza kumlevya mwenye nalo asione udhaifu wake kwingine. Lakini angalia kilichofuata. Kampuni iliyorithi nafasi ya Sabena ilianza tena safari za Afrika mwaka 2002, na juu ya njia hizo ikajenga maisha yake mapya. Kampuni ilikufa, lakini ncha ya njia ya upande ule, yaani uwanja, mtandao, karakana na wateja, haikufa. Upande wetu ncha hiyo haikuwepo tena ya kurithiwa. Mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku takriban ndege zote za mashirika ya Kongo kwa sababu za usalama, haki yetu ya kuruka hadi Bruxelles ilibaki maandishi. Nusu yetu ya mkataba ilikuwa kama shamba lenye hati lisilo na mkulima.

Tulinganishe na Ethiopia, nchi isiyo na shaba wala almasi kama zetu, na ambayo imepita katika mapinduzi, njaa na vita. Shirika lake lilijenga mapema huko Addis Abeba karakana na shule za marubani na mafundi, likahudumia hata ndege za wengine na kulipwa fedha za kigeni. Lilifanya mji wake uwe njia panda: abiria wa Lubumbashi anayekwenda Guangzhou au Dubai hupitia huko, ingawa Ethiopia siko aendako. Ndiyo kusema lilijipatia wale watu thelathini. Desemba 2024 Air Congo mpya ilipoanza safari za ndani, serikali ya Kongo ilikuwa na asilimia 51 ya hisa, na asilimia 49 zilikuwa za Ethiopian Airlines. Mwaka 1961 mwalimu alikuwa Mbelgiji. Safari hii ni Mwafrika mwenzetu.

Hitimisho

Tumeona kwamba ushindani juu ya njia ya Kinshasa na Bruxelles haukuwa kati ya ndege mbili. Ulikuwa kati ya mitandao miwili na kati ya fedha mbili. Serikali ya Zaire iliamini kwamba ikinunua ndege kubwa na kupata nusu ya safari, faida itakuja yenyewe kama maji yafuatavyo mkondo. Ilinunua kilichoonekana, yaani DC-10 na bendera, ikapuuza kisichoonekana: ghala la vipuri, saa ya kuondoka, hesabu za benki, deni la wizara.

Jambo hili si la wachumi peke yao. Maelfu ya jamaa wa Kongo, tangu wanafunzi hadi wagonjwa, wamelipa na wanalipa nauli ambayo sehemu yake kubwa hubaki katika ncha nyingine ya njia. Swali la kuuliza juu ya shirika lolote jipya, liwe na mshirika wa nje au lisiwe naye, si ndege ngapi zimenunuliwa. Ni mafundi wangapi wanafunzwa nchini, ni nani analipa tikiti ya mkubwa, na je, abiria wa Lubumbashi atafika Kinshasa kabla ndege ya Ulaya haijafunga mlango? Air Zaïre haikuweza kujibu maswali hayo matatu, na kwa sababu hiyo ilianguka, hata siku zile ambazo ndege zake zilikuwa zimejaa.